Nyumba Isiyopimwa

"Ukiita wapimaji, tutaikosa hiyo nyumba," Gerren alisema huku akifunga boksi la vyombo kwa selotepu. "Mwenye nyumba hataki usumbufu. Kuna mtu mwingine anaitaka, na huyo haulizi maswali."

"Lakini ni nyumba ya zamani, Gerren. Watu wa huku wote wanajua mambo ya kuta za zamani."

"Mimi ni nani, Morwenna?"

"Fundi wa lipu."

"Tangu lini?"

"Tangu ujana wako."

"Basi. Nimezigonga kuta zake mwenyewe siku nilipoiona mara ya kwanza. Ni nzima. Au unamwamini mtu wa maabara kuliko mimi?"

Morwenna akacheka, akayaacha. Mwanamke aliyekaa ujane miaka mingi, akirudi kila jioni kutoka jiko la shule kuja kula peke yake, haanzi kubishana na mwanaume anayemfungia maboksi.

Hapo Redruth, mji mdogo wa Cornwall huko Uingereza, nyumba yake ndogo ya mawe ilikuwa na kibao cha "Inauzwa" kwa zaidi ya mwaka. Riba za benki zilikuwa zimepanda, watu wamekaza mifuko, hata dalali aliacha kumpigia simu. Mwishowe dalali huyo akamshauri atengeneze dari lililokuwa linamenyeka, labda wateja watavutiwa. Fundi aliyekuja kutengeneza dari alikuwa Gerren. Dari lilikwisha, fundi hakwisha. Alirudi kuangalia kama limekauka, akarudi kunywa chai, akarudi bila sababu. Kila Jumapili walikwenda kutembea kwenye majabali ya St Agnes na mbwa mmoja mweusi aitwaye Nipper, ambaye Gerren alisema ni wa mwenye nyumba wake huko Camborne alikopanga chumba.

Halafu, kama vile Mungu amekumbuka, mnunuzi akapatikana: vijana wawili, Kerra na Piran, Kerra akiwa na mimba kubwa. Na wiki hiyohiyo Gerren akasema ameona nyumba ya mlimani inauzwa bei ya kutupa, madirisha yake yanatazama bahari.

"Tuhamie kule," alimwambia. "Tuanze upya, mimi na wewe."

Tamsin, mdogo wake Morwenna, hakuipenda habari hiyo hata chembe.

"Dada, huyo mwanaume anataka nini?"

"Ananitaka mimi. Ni ajabu sana?"

"Fedha za nyumba ni zako zote."

"Na jina litakuwa langu peke yangu. Yeye mwenyewe amekataa kuandikwa. Amesema asije akaonekana kanifuata kwa mali. Mwizi gani anakataa kuandikwa jina?"

Usiku ule Tamsin hakulala, na asubuhi akatuma ujumbe: *Sijui anachokitafuta, ndiyo maana naogopa zaidi. Pima nyumba, dada. Nakuomba.*

Tamsin hakuwa anawaza ovyo. Nyumba nyingi za Cornwall zilijengwa kwa matofali ya saruji iliyochanganywa na kifusi cha migodi ya bati. Kifusi kile kikinyonya unyevu huanza kuoza kidogokidogo ndani ya ukuta, nje hakuna anayeona, mpaka siku ukuta unapofunguka. Benki za huku hazitoi mkopo hata wa kununulia kitasa cha mlango kabla ukuta haujatobolewa na kipande kupelekwa maabara. Lakini mtu anayenunua kwa fedha zake mwenyewe hakuna anayemlazimisha. Akipata hasara, shauri lake.

Morwenna alikuwa ameiona nyumba ile mara mbili. Huku, wateja wanapokuja, mwenye nyumba huondoka, dalali ndiye anayefungua mlango. Unaweza kununua nyumba ya mtu na usimjue hata sura. Mara zote mbili Gerren alibaki garini, akisema goti linamsumbua. Mara ya pili Morwenna alisikia harufu ya lipu mbichi sebuleni. Alipomwambia, Gerren aliwasha gari kwanza.

"Nyumba ikiuzwa hupakwa rangi, mpenzi. Hilo nalo ni la kuogopesha?"

Siku ya kufunga mikataba ikapangwa, Jumanne saa sita mchana. Mpaka saa hiyo, yeyote katika mnyororo wa wauzaji na wanunuzi angeweza kujitoa bila kulipa hata senti. Mawakili wakishapigiana simu, kila mtu amefungwa. Jumatatu jioni Kerra alimpigia Morwenna akilia. Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa amewapa notisi, mtoto anakuja mwezi ujao.

"Bi Morwenna, hutabadilisha mawazo, eti?"

"Sitabadilisha, binti yangu. Lala."

Jumanne asubuhi Morwenna akakumbuka mapazia. Alitaka kuyashona mwenyewe amshangaze Gerren, basi akampigia dalali wa nyumba ya mlimani amruhusu kwenda kupima madirisha. Dalali akasema mwenyewe hayupo leo, ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Gerren hakuambiwa.

Ukungu ulikuwa umeufunika mlima wote, hata gari lake aliliacha chini barabarani. Morwenna aliinama kutafuta ufunguo, na mlango ukafunguka wenyewe mbele yake.

"Wewe bila shaka ndiye mnunuzi," alisema mwanamke mmoja mwembamba aliyejifunga shali shingoni. "Pole, ilikuwa niondoke, lakini mafua yamenishika. Ingia. Naitwa Senara."

"Nimekuja kupima madirisha tu. Sitakaa."

"Kunywa chai kwanza. Baridi hii si ya kumwacha mtu mlangoni."

Wakaingia jikoni. Senara akabandika birika. Ndipo kutoka chumba cha nyuma kikasikika kishindo cha makucha kwenye mbao, na mbwa mweusi akaingia mbio, akamrukia Morwenna, kisha akakaa chini na kuweka kichwa chake gotini mwake, amefumba macho.

Senara akasimama na vikombe mkononi.

"Ajabu. Huyo hamwendei mtu yeyote. Dalali alishang'atwa."

"Anaitwa nani?"

"Nipper."

"Ni wako?"

"Wa mume wangu. Hawaachani. Jumapili hushinda wote wawili huko majabalini, mimi miguu hainiruhusu."

Morwenna aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mbwa. Akauliza mumewe anafanya kazi gani, ingawa alishajua.

"Fundi wa lipu," Senara alijibu. "Hata ukuta wa sebuleni kaupiga upya mwenyewe juzijuzi." Alipomaliza kusema hivyo akageukia birika ghafla, kama mtu aliyekanyaga pasipotakiwa.

"Kwa nini aliupiga upya?"

Birika likaanza kulia. Hakuna aliyelishughulikia.

"Wakili wako hakukuambia upime?" Senara aliuliza polepole.

"Aliniambia. Mwingine akaniambia nisipime."

"Nani?"

"Mwanaume ninayetaka kuolewa naye. Anaitwa Gerren. Jumapili anakuja kunichukua na mbwa huyu, anasema ni wa mwenye nyumba wake."

Senara akazima jiko, akavuta kiti, akakaa. Hakulia, hakutukana. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye daktari amemwambia jibu alilokuwa akilitegemea.

Kisha akasema yote. Nyumba aliirithi kwa shangazi yake, kwa jina lake la ukoo, na ndiyo maana Morwenna hakulishtukia kwenye karatasi. Wanunuzi watatu walikuja, wote watatu wakatoboa ukuta, wote watatu wakakimbia. Kifusi kimeshaoza. Mpimaji wa mwisho aliwaambia wasilale vyumba vya upande wa bahari. Soko nalo limelala, na hata nyumba nzima haziuziki.

"Akaniambia amepata mjane mwenye fedha taslimu, asiyeuliza. Nikamuuliza, umempataje? Akasema, hilo niachie mimi." Senara alimtazama. "Nami nikamwachia. Nilitaka kuondoka humu, mama. Sikutaka kujua zaidi."

"Mlikuwa mwende wapi?"

"Devon, kwa binti yetu. Ijumaa ijayo."

"Ijumaa ijayo ndiyo anakuja kunibebea maboksi yangu," Morwenna alisema. "Kuja humu."

Simu yake ikatetema mezani. Aliisoma, akamsukumia Senara aisome.

*Mpenzi, mbona kimya? Wakili anangoja neno lako tu. Leo jioni nyumba ni yetu. Nakupenda kuliko unavyojua.*

Senara akatoa simu yake kwenye mfuko wa sweta, akaiweka ubavuni mwa ile.

*Mjane anafunga leo mchana. Kunywa dawa ulale, mke wangu. Mateso yamekwisha.*

Alichohisi Morwenna hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu, ile ya mtu mzima aliyejipamba mbele ya kioo kumbe anachekwa dirishani. Alimpenda Gerren. Hata dakika ile alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Simu ikaita. Alikuwa wakili.

"Bi Trembath, pande zote ziko tayari. Nikipata neno lako tunafunga. Niendelee?"

Senara alikuwa ameikaza shali yake kwa mikono yote miwili. "Ukisema ndiyo, mimi natoka humu," alinong'ona. "Sitakuambia useme nini."

Nje, upande wa bahari, kitu kilidondoka kutoka ukutani, kikavunjika chini.

"Ya mlimani siinunui," Morwenna alisema.

"Samahani? Kwa hiyo tunasimamisha yote?"

Neno moja tu lingemrudishia nyumba yake, jiko lake, kitanda alichofia mumewe. Akawaza juu ya Kerra na tumbo lake, na notisi ile. Akawaza pia juu ya dari, ambalo kila akilala angelitazama.

"Nyumba yangu wauzie wale vijana kama tulivyopanga. Hawajamkosea mtu."

"Lakini utakuwa huna pa kwenda."

"Nina mdogo wangu. Endelea."

Hata birika halijapoa, gari likasimama nje kwa breki kali. Gerren aliingia akiongea tangu mlangoni.

"Senara, dalali amenipigia, mnyororo umekatika. Yule mwanamke amejito—"

Akawaona. Nipper hakuinuka kumpokea.

"Malizia," Senara alisema. "Yule mwanamke amefanya nini?"

Gerren alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamchagua Morwenna. "Nisikilize. Ilianza hivyo, sikatai. Shida ilinibana. Lakini nilipokuzoea, nikakupenda. Haki ya Mungu, hilo si uongo."

"Nakubali," Morwenna alisema. "Nina swali moja tu. Ningehamia humu peke yangu, wewe uko Devon. Upepo wa baharini unavuma, ukuta unaanguka. Ulinipangia nilale chumba gani?"

Gerren alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa sebule, yakarudi, yakashuka chini.

Senara ndiye aliyeinuka kwanza. Alichukua koti lake kwenye msumari na begi dogo lililokuwa tayari limefungwa kwa safari ya Ijumaa.

"Unakwenda wapi na mafua yako?" Gerren aliuliza.

"Devon."

"Na mimi?"

"Baki hapa. Sikutozi kodi."

"Senara, unajua nyumba hii ilivyo. Unataka kuniua?"

Mkewe alisimama mlangoni akimtazama kwa utulivu, kama anayemwangalia fundi ambaye hajawahi kumwona. "Sasa umejua kuogopa," alisema. "Jana ulikuwa unasema inamtosha mtu."

Mbwa alitoka nao. Morwenna alimpeleka Senara mpaka stesheni ya treni, na njia nzima hawakuzungumza zaidi ya kuulizana kama dirisha lifungwe. Walipoagana, Senara alimshika mkono muda mrefu, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, na Morwenna akaikubali, ingawa si yote. Treni ilipomchukua Senara na Nipper, Morwenna akarudi garini, akalia hasa, kilio cha mwanamke aliyependa kwa moyo mweupe. Alipomaliza alimpigia Tamsin.

"Kile chumba chako cha nyuma kina mtu?"

"Hakina. Dada, kuna nini? Nyumba imekuwaje?"

"Nitakueleza nikifika," Morwenna alisema. "Wewe nitandikie tu, leo nataka kulala."