Miche Iliyokataliwa

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa kama unavyojaa kila mwaka mwishoni mwa Aprili, siku ya maonyesho ya maua. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na ndani makoti yalinuka sufu iliyolowa. Kwenye meza ndefu zilizotandikwa kitambaa cheusi, aurikula, maua madogo ya nchi za baridi, zilikuwa zimepangwa safu kwa safu katika vyungu vyake vidogo, na watu walikuwa wameziinamia, mikono ikiwa mgongoni, maana hapa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, hata mtoto anajua kwamba ua hili haliguswi.

Marian Clegg alikuwa akijua hilo pia. Baba yake, mzee Walter, hakuwahi kukosa maonyesho haya tangu ujana wake, naye alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita. Marian alikuja kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani siku hiyo. Alivaa koti la rangi ya haradali na skafu ya kijani, na machozi yalipomlenga akageuka ghafla kutafuta mlango. Mkono wa koti ukapita juu ya chungu alichokuwa amekibeba mwanamume mmoja nyuma yake.

Majani ya ua lile yalikuwa na unga mweupe, kama yamenyunyiziwa sembe. Unga huo ukifutika haurudi. Sasa ulikuwa kwenye koti la Marian.

"Samahani sana," alisema. "Nimekuharibia?"

"Usijali. Lingeshika mkia tu."

"Kweli?"

"Hapana. Lilikuwa la kushinda." Mwanamume akatabasamu. "Lakini koti lako limependeza zaidi na huo unga."

Alikuwa Duncan Butterworth, dereva wa tramu, ile treni ya barabarani, mrefu, na koti la suti ya marehemu baba yake lilikuwa limemwishia juu ya vifundo vya mikono. Walikunywa chai kwenye kona ya kina mama wa kanisa. Marian alimweleza kuhusu aurikula za baba yake zilizobaki uani, kwamba hajui azifanye nini na moja imeanza kunyauka. Jumapili iliyofuata Duncan alikuja na mfuko wa mboji na pai mbili za nyama.

Ua moja la mzee Walter lilikuwa na ukingo wa kijani na halikuwa na jina. Duncan alimfundisha Marian kulichavusha na ua la kwake kwa brashi ndogo, akishika mkono wake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kufikia wakati vifuko vya mbegu vinakauka, wembe wa Duncan ulikuwa umeshapata mahali pake kwenye sinki la Marian, na majirani walikuwa wameshaacha kuuliza.

Januari walizipanda mbegu dirishani jikoni, upande wa kaskazini, mahali penye baridi kama ghala. Hawakuzifukia. Walizinyunyiza juu ya mboji, wakazitupia mchanga kidogo tu ili mwanga uzifikie, kisha wakafunika trei kwa kioo. Baada ya hapo ikawa ni kungoja. Duncan alikuwa akipiga simu kila mapumziko.

"Imeota?"

"Bado. Kwani umepiga kunijulia hali mimi au miche?"

"Miche. Wewe ulishaota moyoni kitambo."

"Maneno hayo kawaambie abiria wako."

"Abiria wangu hawajui kupika chai kama yako, kipenzi."

Iliota Machi, majani madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Waliihamishia kwenye vikopo, na kiangazi wakaiweka uani kivulini. Vuli ilipofika, Marian alikuwa na mimba. Duncan alikipaka rangi chumba kidogo, rangi ya siagi, huku akiimba vibaya makusudi ili Marian acheke.

Mtoto alitoka katikati ya majira ya baridi, kabla ya wakati wake, bila pumzi. Marian alivuja damu nyingi, wakampeleka chumba cha upasuaji. Alipozinduka muuguzi alimuuliza kwa upole kama angependa kumwona mwanawe. Marian aligeuza uso ukutani akasema hapana.

Duncan alimrudisha nyumbani kwa teksi. Alipika chai, akaosha vyombo, akatoa kopo la rangi na kufunga mlango wa chumba kidogo. Baada ya siku chache alirudi kazini. Jina la mtoto wala habari zake hazikumtoka mdomoni. Kwao ndivyo alivyolelewa: kidonda hakichokonolewi. Lakini Marian alikuwa akimwona kila jioni uani, ameiinamia miche mpaka giza linaingia, naye akajiambia moyoni: mume huyu amepata pa kukimbilia, na mimi sina.

Miche ilichanua majira ya kuchipua yaliyofuata, kwa mara ya kwanza. Ikawa jambo la kwanza lililomtoa Marian kitandani. Alikuwa akishuka asubuhi na kikombe cha chai, bado yuko kwenye gauni la kulalia na buti za mvua, akiitazama mmoja mmoja: ya zambarau, ya manjano iliyopauka, ya kahawia kama ngozi ya kiatu. Hakuna mche uliofanana na mwenzake.

Jumamosi moja alirudi kutoka duka la miwani alikofanya kazi, akakuta meza ya uani imebaki na vikopo vichache tu.

"Mingine iko wapi?"

"Nimeitoa," Duncan alisema akifuta mikono. "Ilikuwa na kasoro. Ua likitoa kile kijiti katikati kama kichwa cha pini, waamuzi hawalitazami mara mbili."

"Kwa hiyo ukaitupa."

"Ndivyo inavyofanywa, Marian. Huwezi kubaki na yote."

"Ndiyo. Chenye kasoro unakitoa, unanawa mikono, unakunywa chai. Hukitaji tena."

Duncan hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake ukamwisha damu. Marian alingoja neno, neno lolote lile, na lilipokosekana akamwambia aende. Duncan alichukua begi moja, akaenda kwa dada yake Bev, ng'ambo ya mji.

Kiangazi kile kilikuwa cha mvua. Marian aliacha kupanda tramu, akawa anazunguka na basi, asije akamwona dirishani kwenye kiti cha dereva. Duncan alipiga simu mara nyingi bila kujibiwa. Siku moja Marian aliipokea. Alisikia kengele ya tramu nyuma ya Duncan, na pumzi zake. Kisha simu ikakatwa, na wala Marian hakukumbuka baadaye ni nani aliyeikata.

Septemba, Bev aliingia dukani na mwavuli unaochuruzika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Alijaribu miwani mitatu, akairudisha yote.

"Wifi, sikuja kwa ajili ya miwani."

"Mimi si wifi yako tena, Bev."

"Hilo mtaliamua nyinyi. Mimi nimekuja kushtaki. Kaka yangu amenimalizia uwanja wangu wa kuanikia nguo. Ukuta mzima amepanda yale maua yake yaliyokataliwa. Nikamwambia, haya yameshindwa, niyang'oe nipande vitunguu? Akaniambia, hayo usiyaguse. Miaka yote hii hajawahi kunijibu hivyo." Bev alishusha sauti. "Halali vizuri, Marian. Njoo uone mwenyewe."

Marian alikwenda kwa Bev siku ile ile. Chini ya ukuta wa nyuma, upande usiopata jua, miche ilikuwa imesimama ardhini kwa mstari. Mvua ilikuwa imeosha unga wote, na konokono walikuwa wamekula kingo za majani. Hakuna mwamuzi ambaye angeipa hata jicho moja. Marian alichuchumaa, akaigusa mmoja baada ya mwingine, mikono ikajaa matope.

Duncan alirudi kutoka kazini, akamkuta hapo. Alikuwa bado amevaa sare yake. Alikuwa amekonda.

"Uliniambia umeitupa," Marian alisema bila kuinuka.

"Wewe ndiye uliyesema nimeitupa. Mimi sikukusahihisha." Alivua kofia. "Niliifikisha mpaka kwenye pipa la mboji. Nikashindwa, nikaileta hapa kwa Bev. Nikaona aibu kukuambia. Mtu wa maonyesho hafugi takataka."

"Siku ile nilikusema vibaya."

"Ulisema kweli. Nilinyamaza mno." Alipiga magoti kando yake, yakazama kwenye matope. Marian akadhani ndiyo basi, ameshamaliza.

"Nilimshika," Duncan alisema.

Marian aligeuka.

"Ulikuwa bado hujatoka upasuaji. Muuguzi aliniuliza, nikasema ndiyo. Nikakaa naye kwenye kiti kando ya dirisha mpaka walipokuja kumchukua. Halafu wewe ukazinduka, ukasema hutaki kumwona. Sasa ningekuambia nini? Kwamba mimi ninaye kichwani na wewe huna? Kila nilipotaka kufungua mdomo niliona kama nimekuibia."

Bev alifungua mlango wa nyuma ili awaite chai, akawaona, akaurudishia polepole.

Marian alikuwa akilia bila sauti, maji ya mvua na ya macho hayatofautiki. Tangu siku ile hospitalini alikuwa akijilaumu kwamba mwanawe alipita duniani bila mkono wa mtu.

"Nilikataa kwa woga," alisema. "Nikajuta kabla hata muuguzi hajafika mlangoni. Nikaona aibu kumwita arudi."

"Sikujua, mpenzi."

"Alikuwaje?"

"Marian, itakuumiza."

"Inaniuma tayari. Niambie. Usiache kitu."

Duncan alitazama mikono yake kana kwamba bado ina uzito ule. Akaanza na vidole, kwamba vilikuwa na kucha tayari. Akasema taratibu, akikwama, na kila alipotaka kuruka jambo, Marian alimrudisha.