Neno Alilomwambia Mdogo Wake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa kinyozi alipiga pasi sare mbili: yake na ya mdogo wake. Mdogo wake alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Baba alimwona, akageuza uso, akaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea.

Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakucheza tena na wenzake. Alikonda, na siku moja akaanguka darasani. Mwalimu wake akamsindikiza hadi kibandani.

"Mzee, mtoto hali, wala hasemi. Pale zahanati yupo mshauri nasaha. Mpeleke."

Baba alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. "Mwanangu si mwendawazimu, mwalimu. Watu watasema nini? Akitaka kuzungumza, mimi nipo. Kutwa nasikiliza shida za watu kwenye kiti hiki."

"Na zako unamwambia nani?" aliuliza shangazi, aliyekuwa amemletea kaka yake chakula cha mchana. "Kinyozi hajinyoi."

Mteja, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja, akaangua kicheko. Baba hakucheka.

Jioni baba alimkalisha bintiye sebuleni. "Haya, niambie kinachokusumbua."

Msichana aliinama. Angesemaje? Mdogo wake alipolalamika kichwa kinamuuma, yeye ndiye aliyemwambia, "Acha kudeka, twende shule." Mchana homa ikapanda. Siku ya tatu wakamzika.

"Siwezi kukwambia wewe," alisema. "Wewe ni baba yake."

Kesho yake baba hakufungua kibanda. Alimshika bintiye mkono, wakaenda zahanati.

Mshauri, mama wa makamo, alimwomba baba asubiri nje. Punde baba akasikia kilio ambacho bintiye hakukilia hata siku ya mazishi. Akainuka aingie, kisha akajizuia, akakaa.

Walipokwenda mara ya tatu, msichana mwenyewe aliomba baba aitwe ndani. Akamweleza neno lile, macho yakiwa sakafuni.

"Asubuhi ile nilimgusa paji la uso," baba alisema. "Nikalisikia joto. Nikasema litapungua, nikaenda kazini."

Walilia pamoja. Mshauri aliwaacha walie, kisha akasema, "Maumivu haya hayataisha leo. Njooni tena wiki ijayo, nyote wawili."

Njiani walikutana na jirani. "Mnatoka wapi na kibanda kimefungwa?" aliuliza.

"Kwa mshauri," baba alijibu bila kupunguza sauti. "Mwanangu alikuwa anaumia, na mimi pia. Mtu akivunjika mguu hatumwambii ajikaze atembee. Moyo uliovunjika nao una wataalamu wake. Mimi nilingoja mpaka mtoto akaanguka. Wewe ukielemewa, jirani, usingoje."