Visanduku Vitatu Vitupu

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, fundi wa kuchomelea vyuma alimgeuza mama yake wodini akakuta kidonda mgongoni, kipana kama kiganja. Mama alikuwa hajiwezi. Alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na anayemgeuza atie sahihi kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Sahihi zilijaa. Visanduku vitatu tu vilikuwa vitupu, vyote vya Jumapili, zamu ya mchumba wake, muuguzi wa wodi hiyo.

Walijuana mwaka juzi kwenye dirisha la dawa, watu wamebanana, kiatu cheupe cha muuguzi kikatua kwenye kidole cha fundi.

“Samahani, kaka.”

“Kanyaga na cha pili, nilazwe wodini kwako.”

Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

Sasa fundi alipiga simu bila salamu.

“Jumapili ulimgeuza mama?”

“Mara tatu sikumgeuza, mpenzi. Nilikuwa peke yangu na wazee thelathini na wanane, mmoja anakata roho mikononi mwangu.”

Fundi akakata simu.

Wakubwa wa hospitali waliviona visanduku vile, hawakuchelewa. Baraza la wauguzi likamwita binti ajibu kosa la kumtesa mzee, leseni yake mezani. Waliojaza kila kisanduku walibaki kazini, weupe kama pamba. Ndiyo kazi ya waliokalia viti vya kuzunguka: kusoma karatasi, mgongo wa mtu hawautazami.

Ijumaa asubuhi fundi alikuwa akimlisha mama kwa kijiko.

“Umemwacha binti wa watu?”

“Alikutelekeza, mama.”

“Yeye ndiye aliyeniomba radhi. Wenzake wanasaini siku nzima kwa mkupuo, na mimi hawanigusi. Hebu angalia.”

Ilikuwa saa tatu. Kisanduku cha saa kumi jioni kilishatiwa sahihi. Fundi akakipiga picha.

Barazani mchumba alikuja na gauni lake jeupe la kazi, limepigwa pasi, ingawa alikatazwa kulivaa. Fundi akaingia, akaweka simu yenye ile picha mbele ya mwenyekiti.

“Wewe nani?”

“Mtoto wa mwenye kidonda. Na mume wa huyu, akinikubali tena.”

“Yako tutayaongea nyumbani, fundi,” mchumba alisema bila kugeuka, lakini kiganja chake kilishaushika mkono wa fundi. Akamkazia macho mkuu wa wodi, aliyeketi kando ya mwenyekiti. “Kidonda nitakijibu, niandikeni. Ila zamu ile aliipanga nani?”

Mwenyekiti akamtazama mkuu wa wodi. Mkuu wa wodi akatazama feni.

Binti akauliza tena, polepole:

“Nani alipanga muuguzi mmoja kwa wazee thelathini na wanane?”