Jasho la Mwali

Mimi si mtu wa kusadiki kila linalosemwa Temeke, maana huku mtu akiumwa jino tu, jirani ameshatajwa. Lakini hili lilitokea kwa mama mkubwa, mchana kweupe, na mimi nilikuwapo.

Dada yangu Mwanakombo, binti wa mama mkubwa, alikuwa amewekwa ndani akisubiri ndoa yake na Badru, kijana wa Tabata. Mwali wa kwetu hatoki nje wala haoni jua. Analishwa na kusingwa. Kungwi wake, Bi Tunu, alikuwa mkali kuliko askari. Akishamsugua mwili kwa singo, taka zilizoangukia mkekani aliziokota mwenyewe hadi punje ya mwisho, akaenda kuzifukia anakokujua yeye. Alisema mwenye nia mbaya akizipata, mwali amekwisha.

Tatizo lilikuwa gauni. Kwa wali wa nazi na kukaa kitako, Mwanakombo alinenepa hadi zipu ikagoma. Ndipo shoga yake tangu madrasa, Raudha, akaja na mchezo wa video wa mazoezi alioletewa na kaka yake kutoka Maskati. Unauchomeka kwenye runinga, kamera ndogo inakutazama, na kwenye kioo anatokea kikaragosi anayefanya unachofanya. Ukiruka anaruka, ukichuchumaa anachuchumaa. Juu ya kichwa chake liliandikwa jina la Raudha. Alisema ni kwa sababu mashine ni yake. Tukaridhika, tukamsifu kwamba ndiye shoga wa kweli.

Raudha mwenyewe hakucheza. Alikuwa na pumu tangu utoto. Kutoka barabarani hadi barazani alipumzika, dawa yake ya kuvuta mkononi. Alikaa kwenye kochi akimshangilia mwenzake. Mchezo ukiisha, alimfuta jasho kwa kanga, kisha akaichukua kanga kwenda kuifua uani. Ilikuwa hivyo kila alasiri. Nilimwonea huruma kwa upole wake, na leo nikiikumbuka ile huruma natamani kuitapika.

Gauni likaanza kuingia. Lakini Mwanakombo akaanza kuhema. Kwanza ilikuwa baada ya mchezo tu. Halafu akisukwa nywele. Halafu akizungumza. Mama mkubwa akasema ni woga wa ndoa. Aliitwa muuguzi wa mtaani, akamsikiliza kifua, akasema ni kizima.

Alasiri moja alisimama katikati ya mchezo, akajishika kiuno. Kikaragosi hakusimama. Mwanakombo akakaa chini. Kikaragosi akaendelea kuruka. Nikachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Ndani ya runinga, bado nilisikia mtu anahema.

Nikatoka kumwita Raudha. Nilimkuta uani, amechuchumaa mbele ya beseni. Beseni halikuwa na maji. Alikuwa akiikamua ile kanga kiganjani na kujipaka kifuani, taratibu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Hakukohoa. Hakuhema. Aliniona, wala hakushtuka.

“Nyie mlikuwa mnalinda taka za singo,” alininong'oneza. “Jasho mmenipa wenyewe.”

Nilipomweleza Bi Tunu, yule mama mkali alikaa chini akashika kichwa. Mabinti wote aliowahi kuwaweka ndani walitulia tuli, hakuna aliyewahi kuruka hadi jasho likamtiririka. Miko yote aliyorithi kwa bibi zake haikulijua jambo hilo. Alijaribu kufukiza ubani na kummwagia mwali maji ya dua.

Nikamwambia Mwanakombo. Alinitazama kwa chuki, mimi, siyo Raudha.

“Una wivu, mdogo wangu,” alisema kwa kunong'ona, maana sauti hakuwa nayo tena. “Mie na Raudha tumekulaga sahani moja.”

Siku ya ndoa aligoma kutolewa bila Raudha, nasi tukamkubalia tusimwumize. Badru alipoingia chumbani kumpa mkono, kikapigwa kigelegele. Chembamba. Kirefu. Kinapanda, hakikatiki. Mama mkubwa aligeuka akitabasamu, kwa sababu alikijua. Kilikuwa cha mwanawe, ambaye hakuna harusi ya mtaani iliyopita bila yeye kukipiga. Kilikuwa kinatoka kinywani mwa Raudha. Mwanakombo alikuwa kitandani, mdomo wazi, akitafuta pumzi.

Yuko Tabata kwa mumewe sasa. Yu hai. Analala ameegemea mito, na sentensi moja inamchukua muda. Raudha alituma mtu kuchukua mashine yake, hakukanyaga tena. Nasikia asubuhi anakimbia mchangani kule Kawe. Kila nikienda kumwona dada yangu, ananiuliza jambo lilelile.

“Shoga yangu... hajaja?”

Hilo ndilo linaloniuma kuliko ule uchawi wenyewe.

Chumba kile mama mkubwa amekifunga, na mimi tu ndiye ninayefungua kufagia. Baada ya adhana ya alasiri, pale Mwanakombo alipokuwa akisimama kucheza, saruji hulowa nyayo mbili. Nikizifuta zinarudi. Nazijua, ni za kwake, na maji yake yana chumvi. Juzi nilipiga magoti kuzitazama kwa karibu. Visigino havikugusa chini. Zilikuwa alama za vidole tu, za mtu anayeruka.