Vipande Vifupi

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya chuo, Almaty, adhuhuri ya theluji, sambusa imebaki moja. Raushan, msichana ndani ya koti jekundu lililomzidi mwili, alikuwa ameshaitupia jicho. Sanzhar akaiwahi.

"Kaka, hiyo ina mwenyewe."

"Basi tugawane. Ila kwanza nitajie mababu zako saba."

Foleni nzima ilicheka. Mkazakhi gani asiyejua maana ya swali hilo? Wanaokutana kwa babu ndani ya vizazi saba hawaoani. Raushan akataja wake bila kuvuta pumzi, Sanzhar akataja wake, hakuna jina lililogongana. Wakala nusu kwa nusu.

Wote walisoma hisabati ya vinasaba. Sanzhar ndiye aliyekuwa moto wa somo. Alimwelekeza Raushan kwa simu mpaka chaji zikaisha, akimwita "profesa wangu" kila alipokosea. Mwaka wa pili wakaanza kuzungumzia harusi.

Ndipo ikaja kazi ya darasa: kila mwanafunzi aandike programu ya kupima undugu, kwa vinasaba vya mate waliyotoa wenyewe maabara. Raushan akalinganisha vyake na vya Sanzhar. Jibu likatoka kwamba babu yao ni mmoja, kizazi cha tano. Akarudia mara tatu, jibu lile lile. Akawaza labda babu mmoja wa Sanzhar alikuwa mtoto aliyeokotwa miaka ya njaa kubwa iliyowahi kuikumba nchi yao, akalelewa kwa jina la ukoo usio wake. Akaogopa aibu itakayomwangukia Sanzhar na mama yake. Karatasi yenye programu na jibu akaificha, simu akapiga.

"Sanzhar, tuachane."

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea. Sikupendi tena, basi."

Akakata, akalia mpaka kope zikavimba. Alidhani anamsitiri. Mimi nauita ujinga, tena ujinga wa msomi.

Miezi minne baadaye wakajikuta foleni ile ile. Sanzhar alikuwa amekonda, akamsalimu kama mtu baki. Raushan alishindwa kuvumilia. Akatoa mkobani karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa.

"Soma. Sababu ni hiyo."

Sanzhar aliisoma amesimama, haikumchukua hata dakika. Akatoa kalamu, akazungushia mstari wa tatu.

"Hukuondoa vipande vifupi vya vinasaba vinavyofanana," alisema taratibu. "Hivyo tunavyo sote, hata mimi na mpishi yule. Ukiviondoa, hakibaki kitu."

"Kwa hiyo sisi si ndugu?"

"Si ndugu. Ungenionyesha tu, Raushan. Mara ngapi nimekusahihishia?"

"Basi turudiane. Nisamehe, turudiane."

Sanzhar aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akamrudishia.

"Jumapili mama alikwenda kumvisha binti wa watu hereni."

Raushan akairudisha karatasi mkobani. Kwao, hereni za mama mkwe zikishaingia masikioni, neno limekwisha. Foleni ikasogea, mpishi akawauliza wanataka sambusa ngapi.

"Mbili," alijibu Sanzhar. "Kila mtu na yake."