Maji ya Bahari Ndani ya Mpira wa Trekta

Asubuhi ile Umi alikuwa uani akipepeta mtama wa mwisho. Gunia lilikuwa limekwisha, na watoto walikuwa hawajaamka. Afadhali walale, maana mtoto aliyelala haulizi chakula.

Tangu mumewe afariki, Umi aliishi kwa shamba moja tu, lile la bondeni nje ya Chundwa, kijiji chao cha kisiwani. Mwaka uliopita alililima kwa jembe la mkono. Alichelewa, mvua ikamkimbia, akavuna mabua matupu. Mwaka huu alikuwa na tumaini moja: trekta.

Trekta hiyo ilikuwa ya chama cha ushirika. Ililetwa kisiwani kwa tishali, chombo kipana cha mizigo, baada ya Uhuru, na watu wakaitazama siku nzima. Dereva wake alikuwa Abdulqadir, ndugu yake Umi, baba mmoja mama mmoja.

Abdulqadir alipita asubuhi hiyo akabisha hodi.

"Umeamkaje, Umi?"

"Alhamdulillahi. Utakuja lini kwangu, ndugu yangu? Mvua zimeanza."

"Nikimaliza kwa Bwanamkuu, zamu ni yako. Wiki hii, inshallah."

"Yeo wasema wiki hii. Na wiki jana ulisema hivyo hivyo."

Abdulqadir alicheka kidogo, lakini moyo wake haukuwa na raha. Trekta ilikuwa ikimsumbua. Alipoishusha plau, jembe la trekta, magurudumu ya nyuma yalizunguka pale pale yakirusha tope. Mashine yaunguruma, moshi wapanda, na shamba liko vile vile.

Siku hiyo pia ilikuwa hivyo. Bwanamkuu, mwenyekiti wa chama, alisimama kando ya shamba lake mikono kiunoni. Alikuwa mtu mwema, ila akishasema neno, halirudi.

"Trekta hii ni nyepesi," alisema. "Nilipokuwa kibarua kule bara, niliona wenye mashamba makubwa wakitia maji ndani ya mipira. Trekta ikawa nzito, ikashika nti sawasawa. Natutie maji."

"Maji gani, Bwana?" aliuliza Abdulqadir. "Visima bado viko chini."

"Ya kisima? Astaghfirullahi! Watu wanayatafuta ya kunywa na ya kutawadha, sisi tuyamwage ndani ya gurudumu? Hiyo ni israfu. Bahari hii hapa, imejaa tele."

Watu wakaitikia. Neno la israfu halina mbishi. Abdulqadir alisitasita. Alijua chumvi hula chuma, nani wa kisiwani asiyejua? Angesema neno moja tu, kazi ingesimama, maana dereva ni yeye. Hakusema. Aliona haya kumbishia mkubwa wake mbele za watu.

Punda wakapakiwa madebe, wakashuka pwani na kurudi. Watu wakayatia maji ndani ya magurudumu ya nyuma kwa bomba jembamba mpaka yakafurika.

Kwa Bwanamkuu, mahali pa mchanga, trekta ilikwenda. Watu wakapiga makofi. "Si niliwaambia?" akasema Bwanamkuu. Kisha wakateremka bondeni, kwa Umi.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa bondeni ni mzito. Trekta iliingia kidogo tu, ikaanza kuzama. Abdulqadir akaongeza moto, nayo ikazidi kujichimbia. Mwisho ilikaa kwa tumbo.

"Yafungueni maji!" Bwanamkuu alipiga kelele. "Ipunguzieni uzito!"

"Hapa hapa?" aliuliza Abdulqadir.

"Sasa utaibeba uipeleke wapi?"

Umi hakuwapo. Alikuwa nyumbani akichagua mbegu. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Abdulqadir akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Maji ya bahari yakatoka kwa nguvu, yakafuata mitaro, yakatuama sehemu ya chini, ile yenye rutuba kuliko zote. Wakatia upepo, wakavuta kwa kamba, trekta ikatoka. Wakalimalizia shamba kwa majembe, Umi akapanda.

Mbegu za upande wa juu ziliota. Za chini hazikuota. Baada ya jua kuwaka, udongo wa pale uliota weupe juu yake. Umi aliokota bonge, akalitia ulimini. Kisha akakaa chini pale pale, katikati ya shamba, akalia bila kujificha.

Siku zile bwana shamba mmoja, Fanuel, alifika kwa mashua kutoka Amu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, ametoka kuugua homa na hana subira ya maneno mengi. Alichuchumaa kando ya gurudumu la trekta. Kwenye chuma cha gurudumu, penye mdomo wa kutilia upepo, maji ya kutu yalikuwa yamechirizika mpaka chini.

"Ringi hii imeanza kuoza," alisema. "Maji ya bahari?"

"Ndiyo, Bwana," alijibu Abdulqadir.

"Kwa nini mliongeza uzito?"

"Magurudumu yalikuwa yanazunguka bure."

"Upepo je, ulikuwa kiasi gani?"

"Mwingi. Mpira ulikuwa mgumu sana. Ulikuja hivyo na tishali."

"Na plau uliishusha mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Na udongo?"

"Tope."

Fanuel akatikisa kichwa. "Mpira mgumu hugusa ardhi kidogo tu, kwa hivyo unateleza. Plau ikizama mno, inaikaba trekta. Na tope halilimwi, linangojwa likauke. Hapo uzito si dawa. Ukiuongeza juu ya tope, unazama, na udongo unashindiliwa hata mizizi haipiti."

"Sasa mtu atajuaje kama trekta ni nyepesi kweli?" aliuliza Bwanamkuu. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Itazame alama ya mpira wa nyuma ikiwa inalima. Meno yote yakijichora safi, trekta ni nzito kupita kazi yake. Alama ikifutika yote, ni nyepesi. Katikati pakivurugika kidogo, na pembeni meno yakaonekana, ni sawa, iacheni."

"Na ikifutika?"

"Kwanza punguza upepo kwa kipimo alichoandika mwenye kuiunda. Inua plau kidogo. Ngoja ardhi ikauke. Ikiteleza bado, funga vyuma vya uzito, ukimaliza uvifungue. Ukikosa vyuma, tia maji ya kisima, magurudumu ya nyuma tu, na robo ya mpira ibaki upepo. Ya bahari, kamwe."

"Tuliogopa israfu," alisema Bwanamkuu polepole.

Umi alikuwa amesimama nyuma yao. Walikuwa hawajamwona.

"Mliogopa israfu ya maji ya kisima," alisema. "Shamba langu je, Bwanamkuu? Hili halikuwa neema ya Mungu?" Kisha akamgeukia nduguye. "Na wewe, Abdulqadir. Hukuniuliza."

Abdulqadir alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Pale chini pataponyeka?" Umi alimuuliza Fanuel.

"Mvua zitaosha chumvi, Bi Umi. Chimbeni mtaro, maji yapate njia ya kutoka. Lakini si mwaka huu. Labda si mwaka ujao."

Waliuchimba mtaro. Abdulqadir aliiosha ringi kwa maji ya kisima, akasugua kutu, akapaka rangi. Alipunguza upepo, akainua plau, akangoja ardhi ikauke. Trekta ikalima mashamba yaliyobaki bila kuzama na bila maji yoyote ndani yake. Chundwa ilivuna vizuri. Umi alivuna nusu. Nusu nyingine Abdulqadir alimletea kutoka ghala lake mwenyewe, naye akaipokea kwa ajili ya watoto.

Masika yaliyofuata, trekta ilifika kwenye shamba la bondeni. Abdulqadir alilima hatua chache tu, akazima mashine, akashuka. Alimwita Umi.

"Njoo utazame kwanza."

Umi akainama juu ya alama. Katikati ilikuwa imevurugika kidogo. Pembeni meno yalionekana.

"Niendelee?" aliuliza Abdulqadir.

Umi alitazama kule chini, mahali ambapo hata nyasi zilikuwa chache.

"Endelea," alisema. "Ila pale chini, pazunguke."

Abdulqadir akapanda, akawasha. Alipofika pale, akapazunguka.