Nguruwe Ananenepa, Mama Anakonda

"Unamuua mama kwa njaa, Luding. Na mwenyewe unajua."

Aliyesema hivyo ni Remy, dada yangu wa tumbo moja. Alisema akiwa katikati ya ngazi yetu, begi la safari bado liko begani, na jirani yetu Mama Cording amesimama chini na ungo wake anasikiliza vizuri kabisa.

Nilikuwa nimechoka, jamani… kuna uchovu ambao hata mdomo unaona uvivu kufunguka.

"Muangalie mama alivyo. Mifupa mitupu. Halafu muangalie na huyo."

Akanyoosha kidole chini ya nyumba. Huyo alikuwa nguruwe wetu. Kajaa, tumbo linaburuza mavumbi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," Mama Cording akadakia.

"Nampikia kila siku, dada," nikasema. "Sahani inarudi nyeupe."

"Inarudi nyeupe wewe ukiwa umeimwaga wapi? Wiki ijayo namchukua, naenda naye Manila. Wewe baki na mwanao hapo chini."

Nisikilizeni. Mama hajalala nje ya nyumba ile tangu aolewe. Kwa Remy ni ghorofa ya nne, chumba dirisha lake linatazama ukuta. Kumpeleka kule ni kumzika anapumua.

Nilikuwa na wiki moja.

Nikarudi jikoni kuosha sahani ya mama. Safi, kama imelambwa… Nikaishika muda mrefu. Mimi sahani safi namna ile nazijua. Nimewahi kuzitengeneza.

Nyumba yetu iko juu ya nguzo. Sakafu ni mianzi iliyopasuliwa, nyufa zake zinapitisha kidole. Chini wanaishi kuku na nguruwe. Juu tunakula tumekaa sakafuni, meza fupi katikati.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja: hainuki mtu mpaka sahani iwe nyeupe.

Na mimi karela, ile mboga ya vinundu kama tango, nilikuwa siiwezi. Ule uchungu unakaa nyuma ya ulimi mpaka jioni. Mama anaipika na bilinganya, bamia na dagaa waliochachushwa. Wenzangu wanaramba vidole, mimi machozi.

Niliificha chini ya wali. Baba akafukua.

Nikaificha shavuni, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Nenda," baba akasema. "Ila cheka kwanza."

Shavu likanisaliti.

Nilipofika miaka saba ndipo nikaugundua ufa. Ufa mmoja tu, karibu na goti langu la kushoto. Kipande cha karela kinapita pale kama kimepimwa. Nadondosha, nakohoa kufunika sauti, na chini nguruwe anaguna.

"Luding siku hizi anakula vizuri," baba anasema.

"Amekua," mama anajibu, wala haniangalii.

Miaka mitatu. Sikukamatwa hata siku moja.

Basi kesho yake mchana nikampelekea mama chakula kama kawaida. Wali laini, samaki, na ile mboga yake. Nikamwambia Remy, "Dada, nifuate. Usiongee."

Tukashuka. Tukachuchumaa kwenye mavi ya kuku, yeye na sketi yake ya mjini.

"Tunafanya nini huku?"

"Ngoja tu."

Haikuchukua muda. Juu yetu, mama akakohoa.

Tap… Donge la wali likaanguka.

Akakohoa tena. Kipande cha samaki. Nguruwe alikuwa palepale, kainua pua, anaijua zamu yake kuliko mtoto wa shule.

Remy akaziba mdomo kwa mkono.

Na pembeni, kwenye vumbi, niliona vipande vya karela. Vya leo. Vya jana. Vya juzi, vimeshakauka. Nguruwe alikula kila kitu, karela akaziacha.

Tukapanda. Mama alikuwa anapitisha kidole kwenye sahani, anamalizia kuifanya nyeupe.

"Umeshiba, mama?"

"Sana, mwanangu."

"Mama… tulikuwa chini."

Kidole kikasimama.

"Karela," akasema polepole. "Zimenichongea karela, siyo? Siku hizi macho haya hayatofautishi karela na bamia. Ningeona, ningezila mimi. Nguruwe karela haigusi."

"Umejuaje haigusi?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa miaka saba.

"Ulidhani nani alikuwa anafagia chini kila alfajiri kabla baba yako hajashuka? Miaka mitatu, Luding. Vipande vinane, siku nyingine kumi. Ulikuwa unakohoa mpaka baba yako akataka kukupeleka kwa mganga."

Remy ndiye aliyeuliza.

"Sasa mama, kwa nini? Unataka kufa?"

"Kufa nitakufa tu, nitake nisitake. Ila hapa kwetu mtu akifa watu wanakaa siku tisa, na siku zote tisa wanakula. Mmesahau matanga ya baba yenu? Nguruwe alikuwa mwembamba, akaisha siku ya pili. Watu wakaanza kuondoka, wanasema nyumba ile kavu. Wewe Remy uko mbali. Sikutaka huyu mdogo wako asimame peke yake na sufuria tupu mbele ya Mama Cording."

Nikakaa chini, palepale nilipokuwa nakaa utotoni.

Miezi minane naamka kabla ya jogoo, nachambua samaki miiba, napoza wali kwa kuupuliza… kumbe muda wote nalisha matanga.

Sikulia. Machozi nayo yanataka nguvu.

"Basi Jumapili tunamchinja," nikasema.

"Kwani kafa nani?" mama akauliza.

"Hajafa mtu. Ndiyo maana tunamchinja."

Jumapili, baada ya kanisa, kijiji kikaja. Wa kwanza Mama Cording, na bakuli lake kubwa.

"Jamani, sherehe ya nini hii?"

"Matanga yangu," mama akamjibu, kakaa kwenye kiti na gauni lake la kanisani. "Kula, shoga. Safari hii umewahi, hata sijafa."

Watu walicheka mpaka nyumba ikatikisika kwenye nguzo. Na mama alikula. Sahani mbili, mbele ya macho yangu, nimekaa nahesabu kila tonge linavyoshuka kooni.

Remy hakuniomba msamaha. Aliosha masufuria yote peke yake mpaka kucha zake za rangi zikakatika, na Jumanne akapanda basi la Manila bila mama. Kwa Remy, huo ni msamaha mkubwa.

Siku hiyo mchana nikapika tena ile mboga. Chini ya nyumba kimya. Hakuna wa kuguna.

Mama akapapasa sahani yake, akachukua kipande kimoja, akakinusa, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Hiki chako. Nimekufichia vya kutosha."

Nikatafuna. Nisiwadanganye, wasomaji wangu, bado ni chungu vilevile. Kilikaa nyuma ya ulimi mpaka jioni.

Kwa hiyo nyie mnaolea wazazi: sahani ya mzee ikirudi nyeupe sana, msifurahi haraka. Shukeni ngazi mkachungulie. Na kama kuna mnyama ananenepeshwa kwa ajili ya msiba, mchinjeni mapema, mwenye msiba akiwa bado ana meno ya kutafunia.